Staji wa Mtoni Kwetu

Komponi ya mgodi,
Rodesia ya Kaskazini.
Jumapili, baada ya ibada.

Mke wangu, Mama Tusajigwe,

Nakusalimu kabla ya yote, na ukae chini kwanza, maana yaliyo mbele si ya kusomwa na mtu aliyesimama na mtungi kichwani. Hujambo? Mtoto hajambo? Bado anamkimbia yule jogoo, au sasa jogoo ndiye anayemkimbia yeye? Mama vipi miguu yake na baridi ya huko juu? Baba naye, ingawa najua wewe mkwewe huwezi kumsogelea ukamwuliza hali uso kwa uso, nadhani unamsikia anapokohoa upande wa pili wa ua, na masikio yako yanajua kutofautisha kikohozi cha tumbaku na cha ugonjwa.

Mimi ni mzima wa mwili. Kazi ni ile ile, tunashuka shimoni ukungu ukiwa umelala juu ya mabati, tunapanda jua limeshainama. Mate huwa meusi, lakini kifua kimetulia tangu nilipopata ile dawa ya mizizi uliyonifungia kwenye kitambaa. Wenyeji wa hapa ni watu wa adabu sana, kila neno wanalimalizia kwa mukwai, neno lao la heshima, hata wakikutukana. Kuni hapa zinanunuliwa. Maji yanatoka bombani, yana vuguvugu, na yana harufu ya chuma. Nikiyanywa nafumba macho na kuufikiria mto wetu, ndipo yanapita.

Basi ni habari ya mto huo huo iliyonishikisha kalamu.

Kama Anyosisye ameshafika huko, yule mwana wa jirani zetu niliyetoka naye nyumbani, na kama ameshaingia kwa baba kutoa neno nililomtuma, basi umeambiwa ufunge mzigo urudi kwa wazazi wako, na hujui umekosa nini. Usifunge. Kama umefunga, fungua. Kama umeshafika kwenu, barua hii ndiyo itakayokurudisha. Na kama hajafika, kamngoje pale njia inapovuka mto, umwambie hivi: aliyekutuma neno amesema ulimeze. Neno lile nililituma mimi, na mimi ndiye ninayelifuta. Hukukosa kitu. Nitakueleza ilivyokuwa tangu mwanzo, nawe usinicheke mpaka umalize.

Mwezi uliopita alikuja hapa mtu mmoja jina lake Lazaro, Mnyiha wa Isansa, mwenye maneno mengi kuliko redio ya klabu. Alipewa kitanda chumbani kwetu. Jumapili moja tulikuwa tunafua nguo bombani, akaanza kusimulia kazi yake ya zamani. Kumbe kabla ya kuja huku alikuwa akivuta mnyororo wa mpima ardhi, yule Mzungu aliyepita milima ya kwetu kuchora ramani ya mito. Wenzangu wakasikiliza kama wanavyosikiliza hadithi yoyote. Mimi nilikuwa nasugua suruali. Akasema walipanda kijito kimoja kidogo kutoka Songwe mpaka juu kabisa msituni, na aliyewaongoza alikuwa mwanamke. Nikaacha kusugua.

Alianzia chini, pale mto wetu unapoingia Songwe kwenye matete na mchanga mweupe, ng'ambo ikiwa Nyasa. Nikajua ndiyo penyewe, maana alisema maji ya kijito hayachanganyiki upesi na ya mto mkubwa, yanakwenda pembeni yakiwa meupe na Songwe ikiwa nyekundu, mpaka kwenye kona. Akapanda na hadithi yake mpaka korongoni, kwenye yale maporomoko yenye ukungu ambapo hata kiangazi mawe hayakauki. Halafu bonde la vinyungu, bustani zetu za majimaji, maharage upande huu na mahindi mabichi upande ule, na mifereji tuliyochimba kwa jembe. Kila alipofika mahali nilimtangulia moyoni. Nilitaka akosee. Hakukosea hata mahali pamoja, na hilo peke yake liliniuma, mtu wa Isansa kuujua mto wangu kona kwa kona kama aliuoga utotoni.

Akasema jumbe ndiye aliyewapa huyo mwanamke, kwa kuwa anajua Kiswahili cha misheni na kinyungu chake ndicho cha mwisho kabla ya mianzi. Akamweleza. Mrefu, ana mwanya, anatembea kwenye utelezi bila kuangalia chini. Alimsifu, Mama Tusajigwe. Alimsifu mbele ya wanaume wenye mapovu ya sabuni mikononi, nao wakaitikia kwa miguno, na mimi siwezi kusema huyo ni mke wangu, kwa sababu nilitaka kwanza kusikia mwisho.

Sasa hapa ndipo nakuuliza, na nitakuuliza tena nikifika. Walipofika pale juu ya mianzi, ambapo mto unazama chini ya mawe na mgeni hudhani umekauka, yule mpima alitaka kuishia hapo. Lazaro mwenyewe amesema walishaanza kukunja mnyororo, wamechoka, miiba imewachana. Wewe ndiye uliyewaambia hapa sipo unapoanzia, mto umejificha tu, njooni. Kwa nini hukuwaacha? Wangeandika kwamba mto unaanzia kwenye mawe, wakaenda zao, na kule juu kwenye miti yenye ndevu na mbega pangebaki petu. Unakumbuka nani alikupeleka kule mara ya kwanza? Ilikuwa juma la harusi. Nilikushika mkono tukapita juu ya yale mawe makavu, nikakuambia weka sikio chini, ukasikia maji yanasema chini ya miguu yako, ukashtuka. Tukapanda mpaka kwenye mwamba wenye ufa, maji yanatoka membamba, baridi ya kuuma meno. Nilikukunjia jani ukanywa. Nilikuambia hapa haji mtu.

Lazaro alisema uliwakunjia majani wakanywa. Wote, mpaka mpishi.

Niliianika suruali ile ikiwa bado na sabuni. Lakini hayo ningeyameza, maana mgeni mwenye kiu hupewa maji, na wewe umelelewa vizuri. Lililonichoma ni la mwisho. Alisema huko chini kila waliyemwuliza jina la mto alitaja lake. Watu wa Songwe waliuita hivi, wa korongoni wakauita vile, na mpima hataki majina matatu, anataka moja. Akasema atafuata jina la chimbukoni. Basi pale kwenye mwamba akakugeukia akakuuliza. Lazaro alikuwa chini na ncha ya mnyororo, hakusikia, lakini aliona. Alisema mwanamke alijifunika uso kwa nguo, akageuka pembeni, akacheka cheko la aibu, akasema neno moja. Mzungu akaandika. Waliporudi kambini akawa analisema kwa kujivuna, na Lazaro alilitamka kama alivyolisikia kwake: "Mto Staji."

Staji! Mimi nimezaliwa kwenye mto ule, nimeuchungia mbuzi, nimeuzibia mitego ya samaki, na sijawahi kusikia mtu wala jiwe linaloitwa Staji. Mto ni Lukota. Baba yangu ni Lukota kwa sababu bibi alimzaa kandokando yake akienda shambani. Na mke wangu, akiulizwa na mgeni kwenye mwamba nilikomkunjia jani, anajifunika uso, anacheka kama mwari, na kutaja Staji. Mwanamke hujifunika uso akitaja jina la nani? Hivyo ndivyo nilivyojiuliza. Na jibu nililojipa nakuomba ulihesabu kama kikohozi cha mgonjwa.

Wivu si ugonjwa wa kulala, ni wa kutembea. Nilizunguka komponi nzima kuuliza watu wa kwetu kama wanamfahamu mtu aitwaye Staji. Mmoja akasema huenda ni yule mshona nguo wa Isongole aliyevuka kutoka Nyasa, mwenye cherehani na viatu vya rangi mbili, maana watu wa kule wana majina ya Kizungu. Wala hakuwa na hakika, alitaka tu kunisaidia. Mimi nikamkamata mshona nguo yule nikamvika makosa yote. Nikakumbuka kwamba gauni lako la Pasaka alilishona yeye. Nikakumbuka kwamba alikupima kwa kamba. Shimoni kapitao, msimamizi wetu, akanipigia kelele kwa sababu nilisimamisha gogo la kuegemeza dari kichwa chini, nami nilikuwa namwona mtu wa viatu vya rangi mbili akinywa maji kwenye jani.

Anyosisye alikuwa amemaliza mkataba, anafunga vyombo vyake. Nikamwita kando. Nikamwambia akifika, kabla hajala, aingie kwa baba amwambie mwanamke arudishwe kwao, sababu nitaisema mwenyewe. Anyosisye aliniangalia sana. Aliniambia nilale juu ya neno hilo siku moja. Nikamjibu kwamba neno ni langu na miguu ni yake. Akaondoka na lori la asubuhi.

Baba unamfahamu. Ni mtu wa neno moja, akilisikia halirudii. Na wewe huwezi kusimama mbele yake ujitetee. Hata angekuita akuulize, ungepiga magoti nyuma ya ua na kunyamaza, na kwa kunyamaza kwako angekuona umekiri. Hilo nililijua wakati namtuma Anyosisye, na wivu ukaniambia ndiyo vizuri. Sijui kama nimewahi kuwa mbaya kuliko siku ile.

Aliyenitoa gizani ni Mama Ana, mke wa rafiki yangu wa Mbebe, ambaye hutupikia sisi tusio na wake hapa. Jana nilikwenda kula kwake, sikula, nikamwuliza yeye naye kama anamjua Staji. Nikamweleza yote, pamoja na jani na nguo usoni. Alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka.

Akauliza, "Baba yako anaitwa nani?"

"Lukota."

"Na mto?"

"Lukota pia. Ndiko alikopatia jina."

"Mkeo akienda kuni husemaje?"

Nikaona ananipotezea muda. Nikasema wewe husema unakwenda kukusanya kuni, ndivyo wasemavyo kwenu.

"Na wanawake wengine?"

"Kuokota," nikasema. "Wanakwenda kuokota."

Mwiko ukasimama. Mama Ana akageuka akaniangalia kama mtu anavyoangalia mbuzi aliyekula sabuni. "Kwao hakuna kukusanya, baba. Kwao wanaokota kama sisi. Amekuja kwenu ndipo ameacha kuokota, kwa sababu ndani ya kuokota yumo mkwewe, na mke hatamki jina la baba mkwe. Mtu asiyethubutu hata kuokota kijiti, Mzungu anamwuliza amtajie Lukota. Ulitaka ajibu nini? Alijibu: sitaji."

Sitaji.

Mke wangu, nilikaa pale kwenye kigoda nikalirudia. Sitaji. Staji. Nikaliona lote, wewe na nguo usoni, umebanwa kati ya mgeni anayetaka jawabu na heshima ya baba yangu, unacheka kwa sababu hakuna la kufanya, na yule bwana anainamisha kichwa na kuandika kwa kalamu nzuri kwamba mto unaitwa Staji. Mama Ana alicheka mpaka akakaa. Mumewe akaja kuuliza, akacheka. Lazaro akaitwa, naye ndiye aliyecheka kuliko wote, halafu akaona uso wangu akaacha, kwa sababu alikumbuka alivyokusifu na sasa amejua unalala nyumba ya nani.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshamkumbuka Anyosisye.

Nilitoka mbio mpaka wanakosimama malori, kama kwamba gari la wiki iliyopita lingekuwa linaningoja. Wahenga wamesema hasira hasara, na maji yakimwagika hayazoleki. Lakini haya yangu bado yako njiani, na Anyosisye ni mtu wa kutembelea jamaa, najua atakaa kwanza Tunduma, ale, anywe, aonyeshe koti lake jipya, kisha ndipo apande milima kwa miguu. Dereva mmoja anaondoka leo. Nitamkabidhi barua hii ampe shemeji pale Tunduma, mume wa dada yangu, na nimemwandikia shemeji aache duka, apande baiskeli mpaka pale baiskeli itakapokataa, kisha atembee. Anipende au asinipende, huyu mke ni wa kaka yake mkewe.

Ukiipata, isome barua hii kwa mama, kwa sauti, ukiruka pale nilipoandika habari za jani. Mama ndiye atakayemweleza baba. Amwambie mwanawe alisikia vibaya na akatuma vibaya, kwamba mkwewe amemheshimu mbele ya Serikali, na kwamba heshima hiyo imeingia kwenye ramani na haitafutika. Nadhani baba atakohoa kile kikohozi chake kingine, cha kuridhika. Ukikisikia, ujue yamekwisha.

Karani aliniita juzi niongeze mkataba. Wakati ule nilikuwa na Staji kifuani, nikamwambia aandike, nitaweka sahihi. Leo nimekwenda nikamwambia afute. Mwezi huu ukiisha natoka. Nitashuka Tunduma, nitapita Isongole, na pale nitamtazama mshona nguo kwa macho tu, sitamwambia kitu, ingawa nitapenda kujua kwa nini mtu apime kwa kamba wakati gauni la zamani lipo la kuigia.

Usidhani wivu umeniisha. Umebadilika tu njia, kama mto ule unavyozama kwenye mawe na kutokea mbele. Naona wivu na Lazaro kwa maji aliyokunywa, na mpima aliyekaa kwenye mwamba wangu na miguu yake mitatu ya darubini. Naona wivu na mto wenyewe, unaokuona kila asubuhi ukiinama. Tena nimewaza jambo jana baada ya kutoka kwa Mama Ana. Miaka yote niliyoishi nawe, ukiniambia nakwenda kule, natoka kule, maji ya kule yamejaa, na sikuwahi kukuuliza kwamba wewe, mto ule, unauitaje. Mzungu aliyekaa siku moja ameuliza. Mimi sikuuliza.

Nisalimie mama, na umkande miguu kwa niaba yangu. Nisalimie baba kwa njia unayoijua. Msalimie mdogo wangu anayelima kinyungu cha chini, umwambie asizibe mfereji wa jirani. Nisalimie mama mkwe wangu, na kama umeshafika kwake na mzigo, mwambie mkwewe wa kiume naye anajifunika uso. Mbusu Tusajigwe, mwonyeshe upande ambao malori hutokea.

Nikifika sitaki chakula kwanza. Tutashuka mpaka kwenye matete, tupande pamoja, wewe mbele kama ulivyowaongoza wao, korongo, vinyungu, mianzi, mawe makavu, mpaka kwenye mwamba. Zamu hii wewe unikunjie jani. Halafu utaniambia lile jina unaloliita mwenyewe, ukiwa peke yako unateka maji na hakuna wa kukusikia. Na mtu yeyote akija kuniuliza, hata awe na darubini na mnyororo wa kufika Songwe, nitamjibu kama ulivyojibu wewe. Sitaji.

Mumeo,
Baba Tusajigwe.